Shemeji Akae Mbele

Watu wa mtaa wa Utemini wakikuambia kwamba Loyce ni mpole, usiwabishie, ila usiwaamini pia. Mpole ni mtu anayesahau, na Loyce hakusahau kitu. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya Mama Luciana pale Singida mjini, akichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na mitihani ya shule za msingi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi wateja walidhani hana la kusema. Kumbe alikuwa nalo, tena moja tu. Alilitunza kama mkulima anavyotunza mbegu ya mtama: haliliwi, haliuzwi, linangoja mvua.

Jambo lenyewe lilimhusu shemeji yake Calist, na mchezo wa kompyuta.

Mume wa Loyce, Simoni, alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma. Soko huria lilipofika mpaka Singida, shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na vitu vya ofisi vikapigwa mnada uani. Wenzake waligombania makabati na viti. Simoni akanunua kompyuta kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka, na ndugu zake wakamcheka kwamba amestaafishwa akili pia. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na mchezo ulioachwa na mtaalamu wa kigeni aliyekuja kufunga hesabu za shirika. Nadhani huyo bwana alikuwa na kazi kidogo na muda mwingi.

Haukuwa mchezo wa kukimbizana. Kazi yako ilikuwa kuunda kundi la watu sita, mmoja mmoja, kila mtu unampa jina na kazi yake. Huyu askari wa kubeba ngao, huyu padri wa kutibu majeraha, yule mwizi wa kufungua makufuli, yule mchawi wa kurusha moto. Watatu wanakaa mstari wa mbele, hao ndio wa kupigwa. Watatu wanakaa nyuma yao. Halafu unawashusha kwenye mashimo chini ya ardhi, wakapigane na madude na kuokota dhahabu. Na kupigana kwenyewe kulikuwa kwa zamu. Usipobonyeza, hakuna anayesogea. Hata kama dude limeshainua rungu, unaweza kwenda kuosha vyombo na kugeuza nguo kwenye kamba, ukirudi utalikuta rungu liko juu vilevile, linakungoja wewe.

Simoni aliupenda kwa sababu hiyo. Alikulia upande wa Sekenke, kwenye kaya zinazounganisha ng'ombe na kuchunga kwa zamu, leo mimi kesho wewe, na alisema huu ndio mchezo wa kwanza wa wazungu wenye adabu. Yeye akachukua watu watatu, Loyce watatu. Simoni akajiita Simoni, askari wa mbele kabisa. Wa pili akamwita Eliya, jina la baba yake aliyekwishakufa, na wa tatu Eliana, dada yake mdogo aliyeondoka na surua akiwa hajaanza shule. Loyce naye akamweka mama yake marehemu, Martina, na babu yake Mathayo, na mwisho akajiweka mwenyewe. Kazi zilizobaki zilikuwa chache, akachagua uchawi. Walicheka sana siku ile. Wakati mwingine Simoni alikuwa akimwachia zamu zake zote na kukaa tu kumtazama anavyofikiri, kidole hewani, uso umekunjamana.

Miaka michache wakacheza hivyo. Kisha Simoni akaanza kukohoa, na masika hayakuisha akafa.

Walikuwa wameliacha kundi mbele ya mlango wa chuma, nyoka mkubwa amejikunja kizingitini, na zamu ilikuwa ya Simoni. Baada ya mazishi Loyce aliiwasha mashine mchana mmoja nyumba ilipokuwa na utulivu. SIMONI, kikasema kioo, na pembeni ya jina mchezo uliandika kwa Kiingereza kwamba yu mzima, nguvu zake kamili. Loyce hakubonyeza. Alikaa naye mpaka umeme ukakatika. Siku nyingine akakaa naye tena. Huo ndio ujane aliouweza.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikuja. Aliyeongoza kikao alikuwa Baba mkubwa Melkizedeki, kaka wa marehemu mzee Eliya, mtu asiyependa ugomvi kwa sababu ugomvi huchelewesha chakula. Vitu vya marehemu vikatolewa nje vigawanywe kama ilivyo desturi: koti, baiskeli, redio, viatu. Calist, mdogo wake Simoni, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Sekenke, akasema yeye hataki koti. Anataka kompyuta. Ni chombo cha mwanamume, alisema, na kimenunuliwa na mtoto wa ukoo.

Hapo Loyce akakosea. Angenyamaza, pengine Melkizedeki angemgeuzia Calist kwenye baiskeli. Lakini alipiga magoti mbele za watu akaomba wachukue vyote, hata kitanda, wamwachie hiyo tu. Mtu akipigia kitu magoti, wenzake huamini kina thamani. Mashangazi wakatazamana. Jioni hiyohiyo kompyuta ikapakiwa juu ya lori la kwenda Iramba, iliko Sekenke, imefungwa kwa shuka la Loyce mwenyewe.

Kule Sekenke, Calist aliipeleka kwenye kibanda cha video cha Kefa, mwenye jenereta, ili iwashwe wanunuzi waione. Kefa akaiwasha, akabonyezabonyeza, mchezo ukafunguka pale pale ulipoachwa.

Sasa jiweke mahali pa Calist, ingawa mimi sipendi kukaa hapo. Wewe ni mtu wa mashimo. Umesikia tangu utotoni kwamba wako matajiri wanaochimbisha misukule, watu ambao ukoo umewazika kumbe mchawi amewaficha, wanamfanyia kazi gizani bila kula wala kulalamika. Mbele yako kuna shimo limechorwa, chini ya ardhi. Ndani yake amesimama kaka yako uliyemfukia kwa mikono yako, na imeandikwa kwamba ni mzima. Nyuma yake baba yako. Nyuma yake dada yako aliyekufa mdogo. Pembeni kuna hesabu ya dhahabu waliyookota, na si haba. Unamuuliza Kefa huyu wa mwisho anayeitwa Loyce imeandikwa kazi yake ni nini, na Kefa, aliyesoma mpaka kidato cha pili, anakutafsiria.

"Mchawi," alisema Kefa.

Calist hakungoja siku iishe. Alimwamuru Kefa afute kila kitu kilichokuwa ndani, na Kefa akafuta. Kisha wakaibeba mashine wenyewe hadi kwenye shimo la zamani lililojaa maji, wakaitumbukiza.

Wiki ileile akaja Utemini na Melkizedeki na mashangazi wawili, wakasimama uani kwa Loyce saa ya watu kuchota maji. Calist akasema kwa sauti, na majirani wote wakasikia.

"Ulikuwa unamchimbisha ndugu yangu. Nimemfungua."

Loyce alieleza. Alieleza mchezo, zamu, mtaalamu wa kigeni, majina, yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana anajua mno. Alipomaliza, Melkizedeki akakohoa na kuuliza kwa heshima kabisa hiyo dhahabu iko wapi, kwa sababu kama ni ya watoto wa ukoo basi ni ya ukoo. Huyo ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Kuitwa mchawi si jambo la kucheka huku kwetu. Wapo wanawake waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu ya moshi wa jikoni. Mama Luciana alimchukua Loyce akalala kwake kwa muda mrefu, na pale mtaani watoto walikatazwa kupokea hata muwa kutoka mkononi mwake. Wateja wengine waliomba barua zao zichapwe na Mama Luciana mwenyewe, ambaye alikuwa akichapa kwa kidole kimoja.

Lakini kilichomwunguza Loyce hakikuwa hicho. Kilichomwunguza ni kwamba Simoni alifutwa ikiwa zamu yake. Alikuwa amesimama pale na ngao yake, hajapigwa, hajashindwa, anangoja tu, na mjinga mmoja akamfuta kama mtu anavyofuta ubao. Loyce aliwaza hilo akichapa, akipika, akiwa kanisani wimbo wa toba unaimbwa. Alimchukia Calist kwa chuki safi, isiyo na haraka, na hakuionea haya.

Rafiki yake Felista, muuza mitumba mwenye kibanda jirani na ofisi, alimshauri amwachie Mungu.

"Mungu ana foleni," Loyce akamjibu. "Mimi nitamlipa kwa kitu kilekile."

Akaanza kuutafuta mchezo. Miaka hiyo kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia Singida, na vijana walikuwa wamefungua vibanda vya kucheza. Loyce, na kitenge chake na mkoba wake, akaingia kimoja baada ya kingine. Wakamwonyesha magari yanayoshindana, wakamwonyesha bunduki inayokimbia yenyewe na watu wanaolipuka, na mmoja alimwonyesha mchezo wa karata akidhani ndio unaomfaa mama wa umri wake. Yeye akauliza: upo wa kuunda watu sita? Upo unaokungoja? Wakamwambia huo ni wa zamani, Mama, siku hizi hakuna anayengojana. Loyce akatazama vidole vyao vinavyotapatapa kwenye vitufe, akaona kweli, ndivyo nchi nzima ilivyokuwa imegeuka: mwenye mbio ale, aliyelala asiamshwe. Shirika la Simoni lilikufa vivyo hivyo, hakuna aliyengoja zamu.

Aliyemsaidia alikuwa Mazengo, Mgogo mmoja wa Manyoni, karani wa reli aliyepunguzwa kazi naye. Loyce alisikia habari zake kwa mteja, akapanda basi asubuhi akamkuta nyumbani nyuma ya stesheni. Mazengo alikuwa na boksi la viatu limejaa disketi alizorithi kwa mmishonari aliyerudi kwao. Loyce alipomwambia anachotafuta, mzee yule hakucheka. Alimkaribisha kiti, akamuuliza mstari wa mbele aliwahi kumweka nani. Wakaongea kama watu wawili waliosoma shule moja bila kujuana.

Mchezo uleule wa Simoni hakuwa nao. Alikuwa na mchezo mwingine wa ukoo huohuo, wa zamani zaidi, maandishi mengi na picha chache, watu sita, mashimo, zamu. Alionya kwamba ni mgumu. Watu hufa sana, na akifa mtu inabidi umbebe umpeleke hekaluni afufuliwe. Alisema michezo mipya ilikuwa haimpi nafasi ya kufikiri, na kwamba ukitaka huu wa kungojana utafute kwa watu waliowahi kungoja kitu. Akamnakilia disketi. Loyce alikuwa amemletea kuku wawili, wakaagana.

Mama Luciana alimruhusu kucheza ofisini Jumamosi mchana, mlango wazi, kila apitaye aone. Loyce alitaka waone. Uchawi ni wa kujificha. Yeye alikaa peupe. Akaunda watu wake upya: Martina, Mathayo, Eliya, Eliana. Akaandika SIMONI, lakini Simoni huyu alizaliwa dhaifu, hana ngao wala historia, hajui mlango wa chuma wala nyoka. Lilikuwa jina tu. Loyce akalia kwa hasira, akajifuta, akamweka nyuma asipigwe.

Nafasi ya sita hakujiandika yeye. Akaandika CALIST, askari. Akamweka mbele.

Hakumwambia mtu neno. Alichofanya ni kumwita Felista aje aone, akijua vizuri kwamba kumwonyesha Felista kitu ni sawa na kukitangaza mnadani. Felista akaangalia, akafunika mdomo, akauliza kama huyo ndiye yule. Loyce akasema ni jina tu, ni mchezo, mtu yeyote anaweza kukaa akacheza. Na kweli Felista alikaa akacheza, na kwa ujinga wake akamwingiza Calist kwenye kundi la panya wakubwa, wakamtafuna mguu.

Gulio lililofuata Felista alipeleka mitumba Iramba. Habari ikashuka mlima mpaka Sekenke kabla hajamaliza kufungua marobota.

Calist alikuwa na mguu unaomsumbua tangu masika. Aliposikia habari ya panya, mguu ukavimba. Juma lingine mpita njia akasema jamaa wa kwenye kompyuta amelishwa sumu. Calist aliyekuwa amekunywa pombe mbichi jana yake akajishika tumbo na kuomba mchungaji. Loyce hakuzidisha wala hakupunguza. Alicheza tu kila Jumamosi, na kila Jumamosi mtu wa mbele hupigwa, kwa sababu ndiyo kazi yake. Watu wa mjini walianza kupita ofisini kumjulia hali Calist. Walicheka. Wale wale waliokataza watoto wao muwa sasa walisimama dirishani wakimshauri Loyce amtume Calist akafungue sanduku lenye mtego. Loyce aliwasikiliza, na hakuwasamehe na wao.

Mwishowe Calist akaacha kushuka shimoni. Alisema atashukaje huku wakati kule ameshashushwa. Wenzake wakampa eneo lake mtu mwingine.

Ndipo akaja. Jumamosi, mchana kweupe, na Melkizedeki nyuma yake kwenye baiskeli ya marehemu Simoni. Alikuwa amekonda. Ofisini alikuwepo Mama Luciana, Felista, na wateja wawili ambao ghafla hawakuwa na haraka.

Loyce alimwamkia Melkizedeki shikamoo, akampa kiti. Calist hakukaa.

"Shemeji," alisema, "nitoe humo."

"Nikutoe wapi?"

"Unajua."

"Mimi nacheza mchezo," Loyce akasema. "Niliwaambia uani kwangu kwamba ni mchezo, mkakataa. Leo nikikutoa, nitakuwa nimekiri kwamba watu huingia humu. Siwezi."

Melkizedeki akauona mtego, akashusha kofia usoni. Loyce akasimama, akamsogezea Calist kiti chake mwenyewe mbele ya kioo. Akabonyeza kwa upole mpaka pakatokea jina, na chini yake swali.

"Jifute mwenyewe. Ni kitufe kimoja. Hapa inauliza, una hakika unataka Calist afutwe asirudi tena?"

Calist akakaa. Akanyoosha kidole, kikafika juu ya kitufe, kikasimama. Jasho lilikuwa likimtoka kana kwamba yuko shimoni kweli.

"Nikibonyeza nitakuwaje?"

"Nitajuaje mimi? Simoni alikuwaje ulipomfuta?"

Ukitazama swali hilo lilivyokaa, halikuwa na pa kutokea. Akibonyeza na asife, basi ulikuwa mchezo tangu mwanzo, na alimpakaza mjane matope na kumwibia. Na kama si mchezo, basi kaka yake alikuwa mzima mle ndani, na yeye ndiye aliyemmaliza. Calist hakuwa mjinga kiasi cha kutoliona hilo. Loyce aliliona swali likimshuka polepole kutoka kichwani mpaka tumboni.

"Nilidhani namfungua," Calist akasema kwa sauti ndogo.

Loyce alisikia kwamba ni kweli. Alisikia kabisa, na kwa muda wa pumzi moja akamwona kijana aliyempenda kaka yake na kuogopa giza. Angeweza kumshika bega. Badala yake akakumbuka kizingiti cha chuma, na zamu ambayo haikuchezwa.

Melkizedeki akamwambia Calist abonyeze basi waende nyumbani, njia ni ndefu. Calist akaondoa kidole. Akavificha viganja vyote viwili kwapani, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chungu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Loyce akainama akabonyeza kitufe cha hapana yeye mwenyewe, jina likabaki. Kisha akamtaka Calist aseme mbele ya hao waliokuwepo kwamba Loyce si mchawi, na akasema. Melkizedeki naye akasema kwa niaba ya ukoo, na akaongeza bila kuulizwa kwamba ile habari ya dhahabu ameshaisahau.

Mlangoni Calist akageuka.

"Basi niache humo, shemeji. Ila usiniweke mbele."

Tangu siku hiyo kila lori la Sekenke lilimshushia kuku, mara jogoo, mara tembe, na dereva alikuwa na ujumbe uleule: ni wa kumlisha yule wa ndani, asidhoofike. Loyce alipokea na kushukuru kwa adabu. Jumamosi alikaa mbele ya kioo, akawapanga watu wake. Simoni akamweka nyuma, na mbele yake kabisa, kifua kwa kifua na kila rungu la shimoni, Calist. Akifa alimbeba hekaluni akamfufua, akamrudisha palepale. Halafu alifunga ofisi, akaenda nyumbani kuchinja kuku.